Mwaka wa Kwanza Bila Kufukiza: Risala ya Wafanyakazi wa Kinu cha Unga kwa Mkurugenzi Mkuu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wa kampuni yetu. Meneja wa Kinu. Wakuu wa vitengo. Na ninyi nyote mlioongozana na mgeni rasmi:

Sisi wafanyakazi wa kinu hiki, kuanzia wapokeaji wa ngano pale kwenye mizani hadi wapakiaji wa mlango wa mwisho, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua umepanda ngazi sitini na mbili kuufikia ukumbi huu, kwa kuwa lifti yetu hubeba nafaka na si watu. Utuwie radhi kwa vumbi lililo kwenye viatu vyako. Tumefagia tangu asubuhi na mapema, lakini unga wa hapa hauna adabu kwa wageni.

Risala hii imeandikwa na kamati ya watu watano, na inasomwa na karani wa mizani. Karani ameagizwa asome polepole na asiongeze maneno yake mwenyewe. Atajitahidi.

Tulikotoka

Mgeni rasmi, kinu hiki kina ghorofa tano na miaka arobaini na moja. Miaka yote hiyo tumeishi na nondo. Tunaharakisha kusema kwamba hatuzungumzii nondo za kujengea. Tunamzungumzia yule mdudu mdogo wa kijivu mwenye mbawa, anayefanana na kipepeo aliyenyimwa rangi. Tunalisema mapema kwa sababu miaka sita iliyopita tuliandika barua makao makuu kuomba msaada wa kuondoa nondo kinuni, na baada ya wiki tatu likaja lori na mafundi wawili wenye misumeno ya kukatia chuma. Walikuwa waungwana. Tuliwapa chai, wakawatazama nondo wetu wakizunguka taa, wakasema kazi hiyo hawaijui, wakaondoka. Hatumlaumu mtu. Tangu siku hiyo kwenye barua zetu tunaandika "nondo, mdudu".

Nondo mwenyewe hali chochote. Anayekula ni mtoto wake, kiwavi mweupe mwembamba kama punje ya mchele, na popote anapopita huacha uzi. Nyuzi hizo zikijikusanya huwa utando, na utando huziba mabomba na machekeche. Mwaka mmoja mwokaji mikate mkubwa kuliko wote tunaowauzia alirudisha mzigo mzima. Alifungua mfuko mmoja mbele ya Meneja, akazamisha mkono, akautoa ukiwa na nyuzi zinazoning'inia vidoleni. Alijifuta kwenye mlango wa ofisi akaenda zake. Miezi miwili baadaye wenzetu kumi na wanne walimwaga unga, na hapa kinuni msemo huo haumchekeshi mtu.

Dawa yetu ilikuwa kufukiza. Kila baada ya miezi minne tulifunga kinu, tukaziba madirisha kwa turubai za plastiki na gundi ya karatasi, na kampuni iliyokuwa na kandarasi wakati huo ikaweka vidonge vya gesi. Siku tatu mashine kimya. Wakazi wa mtaa ulio nyuma ya ukuta wetu walibeba watoto na magodoro wakaenda kwa ndugu zao. Tulipofungua, tulizoa nondo waliokufa kwa koleo. Wiki sita zikipita, walikuwa wamerudi kana kwamba walikwenda likizo.

Miaka mitatu iliyopita tuliambiwa hewa imekwisha kusafika. Haikuwa imesafika. Aliyetangulia kupanda kufungua madirisha ya ghorofa ya nne alikuwa fundi wa machekeche, ambaye sote tunamwita Fundi Mluzi, kwa kuwa alikuwa akipiga mluzi juu ya kelele za mashine na mtu wa ghorofa ya pili akausikia. Tulimkuta kwenye ngazi amelala kifudifudi, ufunguo wa dirisha mkononi. Alikaa hospitali siku kumi na tisa. Mungu alimrudisha, lakini pumzi hakurudi nayo yote. Leo anatunza daftari la getini, na kutoka getini hadi kwenye bomba la maji hupumzika mara moja. Mluzi hapigi tena. Jina tumemwachia.

Swali la mfagiaji

Fundi Mluzi ana dada, wa tumbo moja. Ni mfagiaji wa ghorofa ya nne, kibarua. Katika kikao cha kwanza baada ya ajali ile, watu walisema mengi kuhusu kandarasi na vipimo vya hewa. Yeye alisubiri mpaka mwisho, akanyoosha mkono, akauliza, "Hivi hakuna njia ya kuwazuia wasizaliwe, badala ya kusubiri wazaliwe ndipo tuwaue?"

Msimamizi wa uzalishaji alimjibu, "Mama, unataka kuwapangia uzazi nondo?"

Tulicheka, mgeni rasmi. Tulicheka wiki nzima. Karani anayesoma risala hii alikuwa akiwasimulia hata madereva waliokuja kupima mizigo. Mmoja wa waliosimuliwa alikuwa kijana mwenye miwani aliyekuja kununua pumba za kuku wake. Hakucheka. Alisema, "Njia ipo. Huyo mama naweza kumwona?" Kumbe alikuwa mtaalamu wa wadudu, mwalimu wa chuo. Tangu hapo karani amepunguza vichekesho, ingawa hajaacha kabisa.

Mtaalamu alikuja akakaa nasi kwenye chumba cha chakula, akatueleza hivi:

"Jike akiwa tayari, hutua ukutani akainua mkia na kutoa harufu. Sisi hatuisikii. Dume akiinusa ni kama ameitwa kwa jina lake. Ataifuata mpaka amfikie. Harufu hiyo inaitwa feromoni, na siku hizi inatengenezwa kiwandani. Tukitundika vifuko vyake kila mahali, dume ataitwa kutoka pande zote kwa pamoja. Atahangaika huku na huku. Maisha yake ni wiki mbili tu. Zikiisha hajampata jike, basi, na mayai ya jike huyo hayatatotolewa."

Mpakiaji mmoja akauliza, "Yaani ananusa mchumba kila kona, na mchumba mwenyewe hamwoni?"

"Ndivyo."

"Maskini. Mimi niliishi hivyo miaka mitano."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Ilichukua mwaka na miezi kadhaa, lakini Meneja alikubali jaribio, nasi tunamshukuru mbele yako, maana angeweza kukataa. Tulitundika vifuko mia moja na themanini, kila hatua sita kimoja, toka ghala la chini hadi paa la ghorofa ya tano. Ndani ya kifuko hamna sumu. Hakiui hata nondo mmoja. Sisi tunaiita marashi.

Mitego mitupu

Kabla ya hapo tulikuwa na mitego ya karatasi zenye gundi, kila mmoja na tone la harufu hiyo hiyo, na kila wiki mtego mmoja ulikamata madume arobaini, hamsini. Wiki ya tatu baada ya kutundika vifuko, mitego yote ilikuwa mitupu. Meneja aliagiza soda. Kitambaa kiliandikwa "Ushindi" kwa rangi nyekundu.

Dada yake Fundi Mluzi hakufungua soda yake. Meneja alimuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," alisema. "Lakini mtego unamkamata dume kwa harufu ya jike. Kama harufu imejaa nyumba nzima na dume amepotea njia, mtego ataupataje? Mtego mtupu unasema dume haoni njia. Hausemi kwamba hayupo, wala hausemi kama kuna aliyempata jike kwa njia nyingine."

Tulimgeukia mtaalamu. Mtaalamu alivua miwani akaifuta. "Nilipanga kuwaeleza hilo wiki ijayo," alisema.

Ndipo tukajua kwamba mama huyu alikuwa ameshaanza vipimo vyake. Mtaalamu alikuwa amemwonyesha jinsi ya kumtambua jike kwa unene wa tumbo. Kila asubuhi kabla ya kufagia alipita ukutani na kikombe na kipande cha kadi, akiwafunika majike waliotua. Kila jike alimtia kwenye chupa tupu ya jamu, na kijiko cha unga, akafunga mdomo kwa kitambaa, akaandika ghorofa na tarehe. Siku ya kumi aliangalia kama kuna kiwavi. Chupa zilijaa rafu nzima ya dirisha la ghorofa ya nne. Tukampa jina la Mama Vichupa, naye hakulikataa.

Vichupa vilisema hivi: ghorofa nne za juu, chupa kumi kila moja, majike walitaga na karibu mayai yote yaliharibika. Ghala la chini, chupa saba kati ya kumi zilikuwa na viwavi. Kwa hiyo huko chini palikuwa na mahali ambapo marashi yetu hayafiki au hayatoshi. Mama Vichupa alipiga magoti ghalani siku mbili akitazama wanakotokea. Alisema wanatoka kwenye mguu wa lifti ya nafaka, lile sanduku la chuma lililo chini kabisa, ambalo halikuwahi kufunguliwa tangu wengi wetu tuajiriwe.

Wiki tatu tusizojivunia

Mgeni rasmi, kamati ilibishana kama sehemu hii isomwe. Tumeamua isomwe.

Mama Vichupa alimwomba Msimamizi afungue mguu wa lifti. Kuufungua ni kusimamisha kinu siku nzima, na oda zilikuwa zimebanana. Msimamizi alimwambia, "Mama, wewe fagia. Lifti ina mwenyewe."

"Inaye," alisema Mama Vichupa, "ila waliomo ndani hawamtambui."

Akaenda kwa Meneja. Jumatatu iliyofuata jina lake halikuwemo kwenye orodha ya vibarua. Hakuna aliyetamka sababu, na hakuna aliyeiuliza. Sisi wenye ajira tulisaini daftari, tukapita, tukapanda kazini. Ilikuwa hivyo wiki tatu.

Aliyeuliza alikuwa kaka yake, na hakuuliza kwa mdomo. Kila siku, saa ya mapumziko, Fundi Mluzi aliondoka getini akapanda hadi ghorofa ya nne. Mtu mzima mwenye afya hupanda kwa dakika tatu. Yeye alikaa chini kila baada ya ngazi chache, na ilimchukua karibu saa nzima. Siku moja Msimamizi alimkuta ameketi kwenye ngazi, ameegemea ukuta, jasho linamtoka.

"Unafanya nini huku, Fundi?"

"Nakwenda kuhesabu viwavi wa dada. Amesema wasipohesabiwa kwa tarehe zao, kazi yote ya nyuma imepotea."

"Si ungemtuma mtu?"

"Ningemtuma nani?"

Msimamizi alipanda mwenyewe akaziteremsha chupa kwa sanduku. Wakaketi wawili hao kwenye ngazi, Fundi akihesabu na Msimamizi akiandika. Chupa za ghalani zilikuwa nyeupe kwa nyuzi. Msimamizi aliishika moja muda mrefu, akaielekeza kwenye mwanga, akaigeuza.

Kesho yake alisimamisha kinu. Boliti za mguu wa lifti zilikuwa zimeshika kutu, zikakatwa. Ndani tulikuta unga wa miaka mingi ulioganda, na utando juu yake mzito kama blanketi lililolowa. Nondo walikuwa wamesongamana kiasi kwamba, kama mtaalamu alivyotueleza baadaye, dume hakuhitaji kunusa chochote. Akigeuka tu amegongana na jike. Tulitoa ndoo kumi na moja.

Jioni hiyo Msimamizi alikwenda nyumbani kwa Mama Vichupa. Maneno yafuatayo ameyaandika yeye kwa mkono wake kwenye rasimu, akatuambia tusipunguze hata moja. Alimkuta uani anaanua nguo.

"Nimekuja, Mama."

"Nakuona."

"Tumefungua lifti."

"Mmekuta kiasi gani?"

"Ndoo kumi na moja."

Alikunja shuka aliyokuwa nayo mkononi, ncha kwa ncha. "Mimi nilikadiria nane," alisema.

"Nilikosea, Mama. Nisamehe. Kesho jina lako lipo kwenye orodha."

"Nimekusamehe. Na keshokutwa?"



Tunayojivunia

Tangu siku hiyo mguu wa lifti hufunguliwa kila baada ya wiki mbili, na Msimamizi ndiye anayeshika spana. Pembe zote ambako unga hulala zimewekwa kwenye ratiba, kwa sababu tumejifunza kwamba marashi peke yake hayatoshi pasipo ufagio.

Mgeni rasmi, leo ni mwezi wa kumi na nne kinu hiki hakijafukizwa. Kati ya chupa mia moja na ishirini za miezi mitatu iliyopita, zilizotoa viwavi ni nne. Machekeche hayajaziba hata mara moja. Yule mwokaji aliyejifuta mkono mlangoni amerudi, na mara ya kwanza aliporudi alichagua mwenyewe mfuko wa kufungua, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa mweupe na mkavu, akasema, "Haya." Wenzetu tisa kati ya wale kumi na wanne wamerudishwa kazini na wamo ukumbini humu. Watu wa mtaa wa nyuma hawajabeba godoro mwaka mzima. Mwanamke mmoja wa huko alituletea mkate uliookwa kwa unga wetu, akasema ni wa yule anayewachanganya nondo.

Wafanyakazi wa vinu vingine viwili wamekuja kujifunza. Mama Vichupa aliwapitisha ghorofa kwa ghorofa, akawafundisha kushika kikombe na kadi, na kuitambua chupa iliyototoa kabla kiwavi hajaonekana, kwa kutazama uzi wa kwanza. Walikuja na vyeti vyao, wakaandika kila alichosema. Tulisimama pembeni tukijifanya tuna kazi, ili tu tumsikie.

Yanayotukwaza

Vifuko huisha nguvu baada ya wiki kumi, na kule ghorofa ya tano chini ya bati la moto huisha mapema zaidi. Mara mbili vipya vimechelewa kuletwa, na mara zote mbili vichupa vilituonyesha tofauti.

Ng'ambo ya ukuta wetu kuna ghala la nafaka la jirani ambalo halijajiunga nasi. Jike aliyekwisha kupandwa huko akivuka ukuta, marashi yetu hayana la kumfanya.

La tatu ni tangazo. Jumanne ya wiki iliyopita kwenye ubao wa ofisi ilibandikwa nafasi mpya ya ajira ya kudumu: Mdhibiti wa Wadudu. Tulifurahi, maana ni ishara kwamba kampuni imeona kazi hii. Kisha tukasoma sifa. Awe na stashahada. Awe na umri usiozidi miaka arobaini na tano. Mama Vichupa ana darasa la saba na miaka hamsini na mbili. Ana pia mikataba ya miezi mitatu mitatu, thelathini na saba, inayofuatana ukiacha zile wiki tatu.

Tumelisoma tangazo hilo kwa makini. Majukumu yaliyoorodheshwa ni saba. Sita anayafanya kila siku. La saba ni kuandaa taarifa kwa kompyuta, na karani wa mizani anasema mbele ya mashahidi wote hawa kwamba atamfundisha, na mpaka ajue atamchapia. Mstari wa mwisho wa tangazo unasema atakayeajiriwa atapewa mafunzo ya wiki mbili hapa kinuni. Tuliuliza ofisini atafundishwa na nani. Tulijibiwa kwamba atafundishwa na Mama Vichupa.

Maombi

Tunaomba vifuko viagizwe kwa mwaka mzima, visisubiri kuisha.

Tunaomba ofisi yako izungumze na mwenye ghala la jirani. Sisi tumeshazungumza na wapagazi wake, nao wako tayari.

Na tunaomba sifa za nafasi ile zisomwe upya na mtu aliyewahi kuziona zile chupa. Hatuombi huruma. Mama Vichupa mwenyewe hakutaka hili liandikwe. Alituambia, "Someni habari za nondo, yangu yaacheni." Ni jambo pekee alilotuagiza ambalo tumekataa kulitii. Mara ya kwanza jina lake lilipokosekana kwenye orodha tulinyamaza, na hatutaki kunyamaza mara ya pili.

Kwa kumalizia

Mgeni rasmi, viti vya ukumbi huu vimepangwa kwa idadi ya waajiriwa wa kudumu. Vibarua wamesimama nyuma. Ukitazama kule mlangoni, karibu na swichi ya taa, utamwona mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani, na kando yake mtu mrefu aliyeegemea fremu ya mlango. Mtu huyo alianza kupanda ngazi kabla gari lako halijafika.

Mara karani atakapokunja karatasi hii, sisi tulioketi tutasimama, na tutasikiliza hotuba yako tukiwa tumesimama pamoja nao. Tunaomba lisitafsiriwe vibaya. Si mgomo. Hakuna mashine itakayozimwa, na zamu ya mchana itaanza kwa wakati wake. Ni kwamba tumefanya kazi hii pamoja, na tungependa utuone hivyo.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, akupe moyo wa kusikia, na akurudishe salama kwa watu wako.

Ni sisi,

Wafanyakazi wa Kinu cha Unga, waajiriwa na vibarua.